Usifute Vigelegele

Kanda ilikuwa ya dakika 90, ganda lake jeusi, na juu ya karatasi yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Idi, usiku wa pili." Mwaka haukuandikwa. Niliipokea pamoja na nyingine 22, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye nyumba moja ya Ng'ambo, upande wa pili wa barabara kutoka Mji Mkongwe. Mwenye kanda ni bi mkubwa mmoja ambaye kaka yake alikuwa mpenzi wa taarab, na katika miaka ya 1980 hakukosa onyesho la sikukuu bila redio kaseti yake. Mimi nilikuwa nimemaliza muhula wa kwanza wa shahada ya umahiri, na nilijua programu tatu za kusafisha sauti. Nilimwahidi kumrudishia kanda hizo zikiwa safi.

Baada ya wiki mbili nilirudi na wimbo mmoja kwenye simu na spika ndogo. Nilipiga hodi, nikamwamkia, tukaketi. Aliusikiliza wimbo mzima akitazama mkeka. Ulipokwisha alisema, "Muziki mzuri, mwanangu. Lakini mamaangu umemtia wapi?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza kwamba usiku ule kaka yake alikuwa na kazi ya kupanga viti, kwa hiyo redio aliipakata mama yao, mstari wa mbele kabisa. Kila alipopiga kigelegele, mdomo wake ulikuwa kama shubiri mbili tu kutoka kwenye kipaza sauti. Kwenye skrini yangu vigelegele vile vilionekana kama milipuko: mistari mirefu iliyogonga dari na kuharibu fidla. Nikaikata mmoja baada ya mwingine, 14 kwa jumla, na nikajiona hodari. Mama yule ameshafariki, na familia haina kanda nyingine yenye sauti yake.

Bahati yangu ni kwamba nilikuwa nimehifadhi nakala ghafi kabla ya kuanza kukata. Lakini nilipokuwa nikirudi mjini kwa miguu nilijua kwamba nilichokosea si ufundi. Sikuwa nimeijua historia ya kitu nilichokuwa nakitengeneza.

*

Historia ya taarab iliyorekodiwa huanza, kwa kawaida, na safari ya meli. Machi 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay pamoja na wanamuziki wenzake kurekodiwa na kampuni iliyokuwa ikitoa santuri za HMV. Mashine haikumfuata msanii. Msanii aliifuata mashine. Santuri za wakati ule zilibeba takriban dakika tatu kila upande, na wimbo ulilazimika kuingia humo. Nyumbani Unguja, Siti alipoimba usiku mbele ya watu wa mtaa, hapakuwa na kipimo cha dakika tatu. Wimbo ulirefuka kwa kadiri watu walivyotaka beti zirudiwe. Nyimbo nyingi zilisimulia visa vya mji, vikiwemo vilivyofika mahakamani, na waliokuwa wakisikiliza waliwajua wahusika. Santuri zilituhifadhia sauti ya Siti, nasi tunazishukuru. Ila wale waliocheka, waliougua na walioomba ubeti urudiwe walibaki Unguja. Hawamo kwenye santuri.

Miaka mingi iliyofuata hali haikubadilika sana. Vikundi vilikuwepo na vilikuwa na nguvu: Ikhwani Safaa tangu 1905, na Culture Musical Club, ambayo mizizi yake ni kikundi cha Shime Kuokoana cha mwaka 1958. Lakini kurekodi kulikuwa kazi ya redio ya serikali, ndani ya studio, mlango umefungwa na taa nyekundu imewaka. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983.

Aliyebadilisha mambo alikuwa mtazamaji mwenyewe. Kampuni ya Philips iliizindua kaseti mwaka 1963 kama chombo cha ofisini, cha kunakili barua kwa mdomo. Miaka 20 baadaye redio kaseti zilikuwa zikiingia Unguja mikononi mwa jamaa waliotoka Dubai na Maskati, na baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980 zikaongezeka. Kila moja ilikuwa na kitufe chekundu. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa upande wa watazamaji aliweza kuamua nini kirekodiwe na kianzie wapi. Wazee walionisimulia wanakumbuka redio hizo zimepangwa chini mbele ya jukwaa, antena zimekunjwa, kila mtu anaichungulia yake asije akapitwa na mwisho wa upande wa kwanza.

Kanda hizo zikasafiri. Usiku wa taarab uliochezwa Unguja ulisikilizwa mwezi uliofuata Maskati, nyumbani kwa jamaa waliohama. Huko wakanakili, na nakala ikazaa nakala, kila kizazi kikiongeza mchakacho wake. Ndiyo maana kanda iliyoliwa na ukungu Unguja huenda ina pacha wake ndani ya kabati huko Omani.

*

Wasomaji wa rika langu wanaujua muziki wa roki wenye asili ya hapa kwa jina moja tu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Watalii hupiga picha mbele ya nyumba yenye jina lake, na wachache wanajua kwamba mashabiki wa Queen wamehifadhi sehemu kubwa ya historia ya maonyesho ya bendi hiyo kwa kanda walizorekodi wenyewe, nyingine kwa kificho. Miaka mingi baada ya kifo chake, Queen wenyewe walichagua baadhi ya rekodi hizo za mashabiki na kuziuza kwenye tovuti yao rasmi.

Huko Marekani yupo Mike Millard, aliyerekodi maonyesho ya Los Angeles katika miaka ya 1970, yakiwemo ya Led Zeppelin mwaka 1977. Aliketi kwenye kiti cha magurudumu ambacho hakukihitaji, mashine ya kurekodia ikiwa imefichwa chini ya kalio, kwa sababu walinzi wangemnyang'anya. Grateful Dead walichukua njia nyingine: mwaka 1984 waliwatengea warekodi sehemu yao maalumu ndani ya ukumbi. Leo maelfu ya rekodi za bendi hiyo yanasikika bure kwa ridhaa yao.

Nimezisoma habari hizi kwa wivu kidogo. Wenzetu wa roki wana orodha za tarehe, majina ya vipaza sauti vilivyotumika, na mabishano ya miaka mingi kuhusu nakala ipi ni ya kizazi cha kwanza. Lakini wengi wao wanaiona sauti ya watazamaji kama kero inayopaswa kupunguzwa ili gitaa lisikike. Nilijifunza ufundi wangu kwenye maelekezo ya watu hao, na kosa langu la Ng'ambo lilitoka huko.

Taarab haiko hivyo. Anayejua onyesho la Unguja anajua kwamba kuna kazi inayofanywa na waliokaa. Mtu akiguswa na ubeti huinuka, hucheza taratibu mpaka mbele, na kumtunza mwimbaji. Noti ile ni shukrani, na mara nyingine ni barua. Ukiinuka kwenye ubeti unaosema juu ya hasidi, ukamtazama mtu fulani upande wa kushoto, ukumbi mzima umekusoma. Mshairi ameandika maneno ya jumla. Anayeyapa anwani ni wewe uliyeinuka. Kigelegele kinachofuata kinaonyesha nani yuko upande wako. Mwimbaji akiona hivyo, huurudia ubeti. Basi urefu wa wimbo, marudio yake, hata mwendo wake, umeamuliwa kwa pamoja.

Wamisri, ambao taarab yetu imewaazima mengi, walilijua hili mapema. Umm Kulthum alitangazwa na redio ya Cairo kutoka ukumbini Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kuanzia miaka ya 1930, na waliokuwa wakimsikiliza kwa mbali walisikia pia watu wakimsihi arudie. Wapenzi wake wengi mpaka leo huchagua rekodi za ukumbini kuliko za studio. Ukiwaondoa wale wanaoomba, huwezi kueleza kwa nini ubeti mmoja umeimbwa mara tano kwa namna tano.

*

Baada ya somo lile nilianza upya, na safari hii polepole.

Kanda ya kaseti ni ukanda wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma. Ya dakika 60 ina unene wa mikroni 18 hivi, ya dakika 90 ina 12, na ya dakika 120 ina 9 tu. Watu walipenda zile ndefu kwa kuwa usiku wa taarab ni mrefu, nazo ndizo zinazokatika na kujizonga upesi. Kisiwani kwetu adui mkubwa ni unyevu. Ukungu mweupe huota kwenye kingo za kanda, na gundi inayoshika kipande kidogo cha sufi ndani ya ganda huachia. Kipande hicho ndicho kinachoibana kanda kwenye kichwa cha kusomea. Kikidondoka, sauti inafifia na watu hudhani kanda imekufa. Mara nyingi haijafa. Unafungua skrubu tano, unauhamishia ukanda kwenye ganda jipya, unauzungusha kwanza kwa penseli kutoka mwanzo mpaka mwisho, na unavaa barakoa kwa sababu ya ukungu.

Kisha unarekebisha pembe ya kichwa cha kusomea, kwa sababu kila redio kaseti iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Unageuza skrubu ndogo kidogo kidogo, sikio likifuata njuga za rika mpaka zing'ae. Ndipo unanakili kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, kama inavyoshauriwa na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti, IASA. Faili hilo la kwanza huligusi tena maisha yako yote.

Tatizo la kanda ya Idi lilikuwa mwendo. Redio ilitumia betri, na kadiri betri zilivyochoka mota ilizunguka taratibu zaidi. Kanda iliyorekodiwa taratibu, ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, hukimbia. Mwanzoni mwa upande wa kwanza hukisikii kitu, lakini kuelekea mwisho wa upande wa pili mwimbaji ana sauti nyembamba kama ya binti wa shule.

Dawa niliipata kwenye kasoro nyingine. Vikuza sauti vya kikundi vilikuwa vikivuma kwa umeme wa ukumbini, mvumo ule mzito unaosikika wimbo unapotulia. Umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake ukaingia kwenye kanda. Nilipoupima, mwanzoni ulikuwa 50 na kidogo. Mwishoni ulifika 53. Tofauti hiyo ni kama asilimia 6, sawa na karibu nusu toni. Nikalifuata badiliko hilo dakika kwa dakika na kulirudisha mvumo wake kwenye 50. Njia hii ina masharti. Ukumbi ukiwa unatumia jenereta yake, mvumo hauaminiki, na lazima uutenge kwanza mvumo wa mashine yako mwenyewe unayochezea. Kwa hiyo nilimpelekea mzee mmoja aliyepiga fidla miaka ile. Alisikiliza, akagusa nyuzi za hewani kwa vidole, akasema, "Hapo sasa inakaa." Mwimbaji alikuwa mwanamke mtu mzima, sauti yake nzito na imetulia. Ningeiacha kanda ilivyokuwa, ningeandika kwenye tasnifu kwamba aliimba msichana.

Mvumo ambao programu yoyote ingeufuta kwa kubonyeza mara moja ndio ulionipa sauti ya kweli ya mwimbaji. Na vigelegele nilivyovifuta vilikuwa na mkasa unaofanana na huo. Redio kaseti nyingi zilijirekebisha zenyewe: sauti kubwa ikiingia, mashine inapunguza kila kitu kwa ghafla, halafu inakipandisha tena kidogo kidogo. Kila mama yule alipopiga kigelegele, fidla zote zilizama kisha zikaibuka. Nilipokata kigelegele, kuzama kulibaki. Nakala yangu safi ilikuwa na mashimo 14 ambayo msikilizaji asingejua yametoka wapi. Angeweza kudhani wapigaji walichoka. Kumbe kwenye kanda ile huwezi kumwondoa msikilizaji ukabaki na muziki. Alishaingia ndani yake.

*

Yule bi mkubwa tulisikiliza naye nakala ghafi, upande wa kwanza wote. Alinitajia walioinuka na ubeti waliouinukia. Kwenye wimbo wa tatu kuna mtu anapaza sauti karibu na redio na kulitaja jina la mwanamke mwingine, kisha watu wanacheka. Hapo aliinamisha kichwa, akacheka naye, halafu akasema, "Hili usilitie kwenye mtandao. Wajukuu zake wako hapo nyumba ya tatu."

Hapa ndipo kazi ya kuhifadhi inapokuwa ngumu kuliko skrubu na mvumo. Sheria inanisaidia kidogo: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na mtunzi, mwimbaji na wapigaji wana haki zao, ilhali aliyebonyeza kitufe chekundu ana kanda tu. Kwa hiyo siwezi kuiweka kanda hadharani kwa kuwa nimeitengeneza. Ila sheria haisemi lolote kuhusu mwanamke aliyechekwa usiku wa Idi miaka 40 iliyopita. Taarab ilisema kwa mafumbo ili mtu aweze kukana. Kanda inamnyima nafasi hiyo.

Tulichokubaliana ni hiki. Faili ghafi linabaki zima, na jina lile limo ndani, kwa sababu siku moja mtu atahitaji kujua ukumbi ulikuwaje. Halisikilizwi na mtu yeyote bila idhini ya familia. Nakala ya pili imerekebishwa mwendo peke yake. Ya tatu ni ya kusikiliza, na humo nimenyamazisha sekunde nne na kuandika wazi kwamba nimezinyamazisha, ni zipi na kwa nini. Vigelegele vyote 14 vipo. Sijui kama wahifadhi wote wangekubali. Mimi nadhani aibu ya mtu aliye hai, au ya wajukuu zake, ina uzito kuliko hamu yangu ya kuwa mkamilifu, mradi nisiifiche kazi ya mkasi.

Muda haupo wa kujadili milele. Mwaka 2019 UNESCO na IASA walitoa tahadhari kwamba nafasi ya kunakili kanda za sumaku itakuwa finyu sana kufikia 2025, kwa sababu mashine za kuzichezea na mafundi wake wanakwisha. Mwaka huo umefika. Wala jengo kubwa si kinga peke yake: tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka pale Forodhani. Zipo rekodi nzuri zilizotolewa kwa uangalifu, kama toleo la kwanza la mfululizo wa Zanzibara lililoadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa. Lakini kanda za watazamaji ziko majumbani, chini ya vitanda, na mwenye nyumba akifariki huwa za mwanzo kutupwa.

Nasi tunarudia mchezo uleule. Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu 2004, na kila Februari ndani ya Ngome Kongwe naona mamia ya simu zimeinuliwa. Tunarekodi kuliko kizazi chochote kilichotangulia, tunatumiana kwenye WhatsApp, sauti inabanwa na kubanwa tena, na simu ikiibiwa usiku wote umekwenda nayo. Yule kaka wa Ng'ambo aliandika "Idi, usiku wa pili" kwa mkono wake. Sisi wengi hatuandiki hata hivyo.

Juzi nilimpelekea bi mkubwa nakala zake kwenye flashi mbili, moja yake na moja ya mtoto wake. Alitaka kusikia mwisho wa upande wa kwanza. Kanda ile inakwisha katikati ya ubeti, na kabla haijakwisha sauti ya mama yake inasema, karibu sana, kwa haraka, "Imekwisha, njoo uigeuze!" Kinafuata kimya. Upande wa pili unapoanza, ubeti mwingine umeshafika nusu. Ule uliopotea kati ya pande mbili hatuna namna ya kuupata, isipokuwa kama jirani aliyekaa viti viwili pembeni naye alirekodi, na kanda yake bado iko mahali.

"Muulize wa nyumba ya tatu," akaniambia. "Na wao walikuwa na redio."